Kazi ya Wikendi ya Kirusi na ya Utafiti: Usizifanye kwa Namna Moja

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko sekondari ya juu, na Kirusi nilikianza mwaka jana. Pia nina darasa la utafiti. Kila Ijumaa tunapewa kazi za masomo yote mawili. Wikendi iliyopita, Kirusi ilikuwa maneno mapya 20, zoezi la sarufi na aya moja yenye kichwa «Мои выходные», yaani wikendi yangu. Kwenye utafiti nilitakiwa kupunguza upana wa mada yangu (nimechagua Pushkin, yule mshairi wa Urusi, na Afrika) na kuleta vyanzo vitatu pamoja na maelezo mafupi ya kila kimoja. Nilianza Jumapili jioni nikamaliza saa saba usiku. Ile aya ya Kirusi niliiandika kwa Kiswahili nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Jumatatu mwalimu aliitazama kidogo tu, akaandika chini: «Hii si kazi yako.» Alijuaje? Nizipange vipi kazi hizi zisinielemee? Na je, nimwombe nafasi ya kuandika upya? Mimi ni msichana wa miaka 17.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, na umesema ukweli kuhusu ile programu bila kuulizwa. Ngoja nianze na hilo la mwalimu kujua, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu la maswali yako mengine.

Huenda alijua kwa herufi moja tu. Kwa Kiswahili uliandika «nilikuwa nyumbani». Neno hilo halisemi kama anayeongea ni mvulana au msichana. Kirusi hakikuachii nafasi hiyo. Mvulana husema я был дома, msichana husema я была дома. Kitenzi cha wakati uliopita hubeba jinsia ya mtendaji, na programu haikujui wewe ni nani, kwa hiyo hukuchagulia, na mara nyingi hukuchagulia umbo la kiume. Nimesahihisha madaftari ya Kirusi kwa miaka mingi na jambo hili nimekutana nalo tena na tena: msichana ananiletea aya safi, haina kosa hata moja la tahajia, na ndani yake anajisema kama mvulana kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nikimwita aisome kwa sauti, hajui mkazo uko wapi katika nusu ya maneno aliyoandika. Hapo hakuna haja ya upelelezi wowote.

Sikuelezi haya ili siku nyingine ubadilishe был iwe была kisha uendelee kama kawaida. Nakueleza kwa sababu kosa hilo linaonyesha umbali uliopo kati ya sentensi ya Kiswahili na sentensi ya Kirusi, na kazi ya wikendi ipo ili ukutane na umbali huo kwa macho yako. Programu inakuvusha ukiwa umelala.

Sasa mpangilio. Tatizo lako si uvivu, wala sidhani kazi ni nyingi kupita kiasi. Tatizo ni kwamba umezifunga kazi mbili zenye tabia tofauti katika mzigo mmoja na kuubeba Jumapili usiku. Kirusi kinataka kugawanywa: kidogo Ijumaa, kidogo Jumamosi, kidogo Jumapili. Utafiti unataka kinyume chake, yaani kipande kimoja kirefu cha muda ambacho hakikatwi. Ukikaa saa tatu mfululizo na maneno 20 ya Kirusi, saa mbili za mwisho umezitupa. Na ukiugawa utafiti kwa dakika ishirini ishirini, kila mara utatumia hizo dakika kukumbuka ulikuwa unatafuta nini.

Ijumaa, kabla mambo ya nyumbani hayajakuchukua, fungua daftari la Kirusi kwa dakika 25. Kuna sababu ya siku hiyo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na akaonyesha kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni, saa na siku za kwanza, kisha hupungua kasi. Maneno uliyopewa Ijumaa asubuhi yakingoja mpaka Jumapili usiku, unaanza upya. Ukiyagusa Ijumaa jioni, Jumamosi yatakuwa bado yana mizizi.

Yaguse kwa mkono, si kwa macho. Chukua ukurasa, Kirusi kushoto, Kiswahili kulia, ukunje katikati ujijaribu. Andika kwa mwandiko wa kuunganisha hata kama bado unakusumbua, kwa sababu mwandiko wa Kirusi una sura yake: т ya kuandika kwa mkono hufanana na m ya Kilatini, д hufanana na g, и hufanana na u. Neno лишишь, ambalo maana yake ni «utamnyima», likiandikwa haraka huwa mawimbi matupu, na Warusi wenyewe hulitolea mfano. Asiyeandika kwa mkono hatajua kusoma mwandiko wa mwalimu wake ubaoni.

Na weka alama ya mkazo juu ya kila neno. Hili wanafunzi wengi hulipuuza kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha raha: mkazo wetu karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunayo barabára ya kupita magari na barábara ya kusema jambo liko sawasawa, lakini jozi kama hizo kwetu ni chache. Kwa Kirusi mkazo huhama, na ukihama maana huhama nao. За́мок ni kasri, замо́к ni kufuli. Мука́ ni unga, му́ка ni mateso. Tena herufi о isiyo na mkazo husikika kama a, ndiyo maana молоко́, maziwa, hutamkwa «malakó». Neno ulilolikariri bila mkazo hulijui bado. Unajua picha yake tu. Maneno 20 yenye mkazo, yaliyosomwa kwa sauti mara mbili, hayazidi robo saa.

Vitenzi viandike kwa jozi. Nachukua mfano wa kazi yenyewe, домашнее задание, kazi ya nyumbani. Mwalimu akikuuliza «Ты делала домашнее задание?» anataka kujua kama uliishughulikia. Akiuliza «Ты сделала домашнее задание?» anauliza kama imekwisha. Kiswahili hulitenga jambo hilo kwa njia zake: «nilikuwa nafanya», «nimeshafanya», «nimemaliza». Kirusi hulitia ndani ya kitenzi chenyewe, делать na сделать (kufanya), читать na прочитать (kusoma), писать na написать (kuandika). Ukikariri kimoja bila mwenzake utakwama siku unapotaka kusema umemaliza. Tena utakwama vibaya, maana jozi nyingine hazifanani hata kidogo: говорить, kusema, mwenzake ni сказать.

Hayo yanatosha kwa Ijumaa. Funga daftari.

Jumamosi asubuhi ni ya utafiti. Tenga saa mbili, na usianze kwa kutafuta. Anza kwa kuandika swali. «Pushkin na Afrika» ni mada, bado si swali, na ndiyo maana nina hakika ulifungua kurasa nyingi ukatoka na kichwa kizito. Mada haikwambii uache nini. Swali hukwambia.

Nikupe mfano kutoka humo humo ulimochagua, kwa sababu umechagua mahali penye utajiri. Alexander Pushkin, aliyezaliwa 1799 na kufariki 1837, kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa ukoo wa Gannibal. Babu wa mama yake, Abram Petrovich Gannibal, alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akafikishwa kwa mfalme Peter Mkuu wa Urusi, akasomeshwa, akawa mhandisi wa kijeshi na jenerali. Hayo utayakuta kila mahali. Lakini uliza alizaliwa wapi hasa, na vyanzo vinaanza kupingana. Gannibal mwenyewe, katika ombi lake la mwaka 1742, alisema alizaliwa Afrika katika mji wa Lagon, kwenye milki ya baba yake. Wengi kwa muda mrefu waliuweka mji huo Uhabeshi, na mwanaanthropolojia Dmitri Anuchin alilitetea wazo hilo mwaka 1899. Karibu miaka mia moja baadaye, mwanahistoria wa Benin, Dieudonné Gnammankou, alipinga na kusema Lagon ni Logone, kusini mwa Ziwa Chad, katika Kamerun ya leo. Sasa una swali la kweli: kwa nini watu walioshika ushahidi mmoja wameuweka mji mmoja katika pande mbili za bara? Swali hilo lina ukubwa wa kazi ya mwanafunzi. Na vyanzo vitatu vimeshajitokeza: sauti ya Gannibal mwenyewe, hoja ya zamani na hoja mpya. Mwalimu wako wa utafiti atafurahi zaidi na vitatu hivyo vinavyobishana kuliko vitatu vinavyorudia jambo moja.

Hapa ndipo Kirusi chako kinapoingia kusaidia utafiti, na sijui kwa nini shule nyingi hufundisha masomo haya kama majirani wasiosalimiana. Kirusi hakina sauti kamili ya h yetu, kwa hiyo majina mengi ya kigeni yenye h huandikwa kwa г: Hong Kong kwa Kirusi ni Гонконг. Ndiyo maana jina hilo moja utalikuta Gannibal kwenye kitabu kimoja, Hannibal kwenye kingine. Pushkin kwa Kifaransa ni Pouchkine, kwa Kijerumani Puschkin. Ukitafuta kwa tahajia moja tu, umejifungia nje ya maktaba nyingi bila kujua. Andika tahajia zote juu ya ukurasa wako kabla hujaanza. Ukijaribu kutafuta kwa Kirusi chenyewe, kumbuka jina hubadilika mwisho wake: Пушкин akiwa mtendaji, Пушкина ikiwa ni «ya Pushkin», о Пушкине ikiwa ni «kuhusu Pushkin». Huyo ni mtu yuleyule, na kwenye kamusi utamkuta kwa umbo la kwanza.

Tarehe nazo zitakutega. Chanzo kimoja kitasema Pushkin alizaliwa 26 Mei 1799, kingine 6 Juni. Hakuna aliyekosea. Urusi ilifuata kalenda ya zamani, iliyo nyuma ya hii tunayotumia sasa, mpaka 1918, ambapo baada ya 31 Januari ilikuja 14 Februari. Katika karne ya 18 kalenda hizo zilipishana siku 11, katika ya 19 siku 12, katika ya 20 siku 13. Ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 huadhimishwa Novemba. Ukikuta tarehe mbili, usichague unayoipenda. Andika zote mbili na useme ni kalenda ipi.

Kuhusu maelezo mafupi ya vyanzo: soma ukurasa, ufunge au ugeuze skrini, kisha andika ulichoelewa. Usiandike huku unatazama. Anayeandika akitazama hunakili hata asipokusudia, kwa sababu sentensi iliyo mbele ya macho ina nguvu kuliko iliyo kichwani. Ukitaka maneno ya mwandishi yabaki yalivyo, yatie alama za kunukuu papo hapo, pamoja na ukurasa. Kesi nyingi za wizi wa kitaaluma nilizoziona kwa wanafunzi wa umri wako hazikuanza na nia mbaya. Zilianza na daftari lisilo na alama za kunukuu, na wiki tatu baadaye mwenye daftari hakumbuki sentensi ipi ni yake. Kwa kila chanzo andika nani, lini, wapi ulikipata, kinadai nini, na kinategemea ushahidi gani. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa, na ndilo lenye alama. Kama wewe unayesoma Kirusi unaweza kuipata hata sentensi moja ya ombi la 1742 katika lugha yake na kuifumbua kwa kamusi, neno kwa neno, utakuwa umefanya kitu ambacho wenzako wengi hawawezi.

Saa mbili zikiisha, simama, hata kama bado una hamu. Andika mstari mmoja wa kukuonyesha utaanzia wapi. Jioni, dakika kumi za Kirusi: kunja ule ukurasa wa maneno, na usirudie yote 20, rudia yale tu yaliyokushinda.

Jumapili mchana, si usiku, ni ya sarufi na aya. Zoezi la sarufi lifanye kwanza ili mkono upate moto. Halafu aya, na hapa nakuomba ubadilishe mwelekeo kabisa. Usiandike Kiswahili kwanza. Andika orodha ya maneno ya Kirusi unayoyamudu kuhusu wikendi, hata kama ni kumi na tano tu, kisha ujenge kwa hayo. Aya yako itakuwa fupi na ya kitoto. Ni sawa. Mwalimu wa lugha akiona В субботу я была дома. Я читала, я слушала музыку. Вечером я устала («Jumamosi nilikuwa nyumbani. Nilisoma, nilisikiliza muziki. Jioni nilichoka»), anaona mtu anayejenga.

Ujue pia Kiswahili kitakusaidia wapi na kitakuangusha wapi. Kitakusaidia kwenye upatanisho. Sisi husema meza mpya, kitabu kipya, dirisha jipya bila kufikiri. Mrusi husema новый стол, новая книга, новое окно. Aliyekulia kwenye ngeli haoni ajabu kivumishi kikifuata nomino, na jinsia za Kirusi ni tatu tu. Kitakusaidia pia kwa sababu lugha zote mbili hazina kile kineno cha kutangulia nomino, kama «the» na «a», kinachowatesa wanaojifunza Kiingereza. Na «mimi mwanafunzi», bila «ni», kwa Kirusi ndiyo sarufi sahihi: я ученица.

Kitakuangusha kwenye mahali. Angalia neno «shuleni». Nipo shuleni. Naenda shuleni. Natoka shuleni. Neno letu halitikisiki, kitenzi ndicho kinachobeba kazi yote. Kirusi hukataa: я в школе nikiwa ndani, я иду в школу nikielekea, я иду из школы nikitoka. Mwisho wa neno umebadilika mara tatu. Kirusi kina maumbo sita ya nomino, yanaitwa падежи, na mwanafunzi wa Kiswahili hupoteza alama nyingi hapa kuliko popote, kwa sababu sikio lake linasikia «shuleni» moja. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni hii: kila unapotaka kuandika mahali, jiulize nipo, naenda, au natoka? Jibu kwanza, ndipo uandike. Na ukijibu «naenda», kuna swali la pili: kwa miguu au kwa chombo? Иду ni kwa miguu, еду ni kwa gari au treni. Ikiwa ni jambo la kila siku, badala yake ni хожу na езжу. Kitenzi «naenda» kwetu kinaficha yote haya, na programu haiwezi kuyafichua kwa sababu hukuiambia.

Kamusi itumie kwa neno moja moja. Programu ya kutafsiri unaweza kuifungua mwishoni kabisa, aya ikiwa imekwisha, uiingize sentensi yako ya Kirusi uone kama inarudi kwa maana uliyokusudia. Ikirudi imepinda, tafuta kosa mwenyewe. Kosa usiloliona liache lilivyo. Mwalimu anahitaji kuliona ili ajue akufundishe nini wiki ijayo.

Ukijumlisha yote, ni kama saa nne na nusu kwa siku tatu, na usiku wa Jumapili unalala. Ikitokea umefanya kwa uaminifu na bado haijaisha, piga mstari pale ulipofika, andika muda uliotumia, uipeleke hivyo hivyo. Mwalimu akiona mistari kama hiyo kwenye madaftari kadhaa atajua alizidisha. Asipoiona, ataendelea kudhani kiasi kinafaa.

Umeuliza kama uombe kuandika upya. Ndiyo, omba, na uombe Jumatatu kabla ya kipindi, si mbele ya darasa. Usijieleze sana. Sema ulitumia programu, na kwamba unataka kuiandika tena. Kwa Kirusi unaweza kusema Можно переписать?, «naweza kuandika upya?» Ukishaiandika na kuirudisha, utahitaji sentensi moja zaidi, na hii nakuachia uitamke mwenyewe mpaka ulimi uizoee: Я написала сама, «nimeandika mwenyewe». Написала, kwa sababu umemaliza, na kwa sababu ni msichana. Сама, «mwenyewe», nalo ni la kike.